Bati Rahisi Linakugharimu Shilingi Ngapi kwa Mwaka?

Likizo ikikaribia, wenzangu wakijua nasoma uhandisi ujenzi hunifuata na swali lile lile: paa la nyumbani linavuja, tununue bati gani? Nami huwauliza: nyumba iko wapi, na mtaishi humo miaka mingapi?

Dukani utatajiwa geji. Hii inaenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Ndiyo maana 32 ni rahisi, na ndiyo maana fundi akilikanyaga vibaya linabonyea. Kwa banda la kuku, chukua hilo hilo ulale.

Lakini unene peke yake haukuambii bati litaoza lini. Kinacholinda chuma ni ngozi ya zinki iliyopakwa juu yake. Zinki huliwa kwanza ili chuma kipone. Ikiisha, kutu inaingia. Dodoma, kwenye hewa kavu, hilo linachukua muda mrefu. Tanga au Kigamboni, upepo wa chumvi unaimaliza upesi. Huko pwani mimi ningeongeza hela kwenye bati lililopakwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki kabla sijafikiria rangi ya kupendeza.

Sasa piga hesabu. Tuseme bati moja ni shilingi 20,000 na linadumu miaka 8. Jingine ni 32,000, miaka 20. La kwanza ni 2,500 kwa mwaka, la pili 1,600. Na hapo bado hujamlipa fundi mara ya pili, wala hujabadilisha mbao zilizooza kwa kulowa.

Nilipomweleza mama hesabu hii alisema ni nzuri kwa mtu mwenye hiyo 32,000 mkononi. Ni kweli kabisa. Kwa hiyo hela isipotosha, punguzeni kwingine: dari, vigae na rangi ya ukutani vinaweza kusubiri mwakani. Au ezekeni kwanza upande unaovuja.

Kwenye misumari msibane. Iwe na kofia na mpira, ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Na fundi akitaka kukata bati kwa grainda huko huko juu ya paa, mkatalie. Cheche zikitua kwenye bati jipya, kila moja inaacha kidoa cha kutu. Mpe mkasi wa bati.