Kutafuta Makazi ya Babu kwa Hati za Kale: Mfano wa Mvumi, Kilosa

Katika somo hili tunaeleza jinsi mwananchi wa Mvumi, wilayani Kilosa, anavyoweza kutafuta mahali alipoishi babu yake, na kiasi cha haki kinachotokana na hati atakazozikuta.

Kwanza, anza kwa wazee. Andika majina ya ukoo, kitongoji, mto na shamba kubwa la jirani. Tamko la Wajerumani la mwaka 1895 liliihesabu ardhi isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola. Hati zikaandikwa kwa walowezi, ilhali wenyeji walimiliki kwa mila bila karatasi. Basi usitarajie kulikuta jina la babu kama mmiliki. Tafuta jina la mahali katika ramani na maelezo ya mipaka ya shamba lililopakana naye.

Pili, hakikisha ni Mvumi ipi. Ipo nyingine mkoani Dodoma. Enzi za Waingereza, Kilosa ilikuwa katika Jimbo la Mashariki na Dodoma katika Jimbo la Kati. Wajerumani waliandika "Kilossa".

Tatu, fika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, inakotunzwa mikusanyo ya majalada ya tawala hizo mbili. Kwa shamba lililosajiliwa, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati. Lipia kwa kumbukumbu namba ya Serikali na udai stakabadhi. Usimpe dalali fedha mkononi.

Nne, tenganisha historia na haki. Tuseme umegundua kuwa babu aliishi penye shamba la jirani aliyegawiwa wakati wa Operesheni Vijiji. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinathibitisha ugawaji wa ardhi ya kijiji uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Hati ya kale pekee haimwondoi jirani huyo. Vilevile, umiliki wa milele ulioachwa na wakoloni ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Anayekuuzia "hati ya Mjerumani" ili upate shamba, anakuuzia karatasi.

Linalokulinda leo ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila, inayoombwa kwa Halmashauri ya Kijiji. Kisheria, hakimiliki hiyo ina hadhi sawa na ile inayotolewa na Serikali. Omba hati ya shamba unalolilima sasa, kabla hujatumia akiba yako kulitafuta la babu.