Mkaa, Hewa na Hesabu Yake

Mtu asafiriye kutoka Handeni kwenda Korogwe huyaona magunia ya mkaa kando ya njia, akayapita bila kuuliza neno. Walakini katika gunia moja yamo mambo makubwa ya kemia.

La kwanza ni kuachana. Mchoma mkaa hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hutia moto na kuacha matundu madogo tu. Kwa kuwa hewa iingiayo ni chache, kuni haziungui zikawa majivu. Hupata joto, na vitu vilivyoungana ndani ya mti huachana. Moshi mweupe utokao kwanza una mvuke mwingi wa maji. Kibakicho ni mkaa, ambao sehemu yake kubwa ni kaboni. Tundu likiwa kubwa mno, mwenye tanuu atafukua akute majivu, na kazi ya siku nyingi imepotea.

La pili ni kuungana. Mkaa uwakapo, kaboni huungana na oksijeni ya hewa. Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni, zikawa gramu 44 za kaboni dioksidi. Hapana kilichopotea. Chuma nacho huungana na oksijeni penye maji, ila pole pole: ndiyo kutu, adui wa reli iliyofika Korogwe mwaka 1902.

Lakini hewa ikipunguka, gramu 12 za kaboni huchukua gramu 16 tu za oksijeni, zikawa gramu 28 za kaboni monoksidi. Hii ni sumu. Haina rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali pa oksijeni. Usiku wa baridi milimani Usambara, mtu huingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha. Hudhani kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha. Sivyo: makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yauayo. Kichwa huuma, macho huona kizunguzungu, usingizi humchukua, na huenda asiamke. Akikutwa hivyo, atolewe nje upesi penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali.

Tazameni hesabu. Jiko lina gramu 600 za kaboni. 600 kugawanya kwa 12 ni 50. Hewa ikitosha, kaboni hiyo yataka oksijeni 50 × 32, yaani gramu 1,600. Ikiwa yote yageuka sumu, itachukua 50 × 16, yaani gramu 800, na sumu itakuwa gramu 1,400.

Maswali

1. Gramu 240 za kaboni zikiungua kwa hewa ya kutosha, hutoka gramu ngapi za kaboni dioksidi?

2. Gramu 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa hutoa gramu 44 za kaboni dioksidi. Chokaa ibakiyo ni gramu ngapi? Huku ni kuachana au kuungana?

3. Kwa nini mchoma mkaa hupunguza hewa, na mpishi huitaka nyingi?