Pikapu Ikigoma Kuwaka, Anza na Maswali

Wanachuo wenzangu, mimi nasomea ualimu, si ufundi. Ila likizo iliyopita nilipata somo la ualimu chini ya boneti ya pikapu ya mjomba, pale Magomeni Mikumi. Mjomba ana Hilux ya zamani ya dizeli, anabeba mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Pikapu hiyo ndiyo inayonilisha boom ikichelewa, kwa hiyo ikigoma kuwaka, nami nimegoma kula.

Kwa wiki mbili ilikuwa inasumbua kila alfajiri. Mjomba anapiga stata saa 11 mpaka majirani wanaamka, inakuja kuwaka saa 2, mzigo umeshachukuliwa na mwingine. Akaja fundi mmoja, akasikiliza kidogo, akasema, "Pampu imekufa hiyo, mzee. Tafuta pampu nyingine." Bei aliyotaja ilizidi kodi yangu ya chumba ya muhula mzima. Mjomba akanigeukia: "Haya mwalimu, unasemaje?" Jibu sina. Nikamwomba siku moja tuulize kwanza, halafu ndiyo tununue.

Tuanze na msingi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Inagandamiza hewa kwa nguvu, mara 20 hivi kwa injini za aina hii, mpaka inapata joto la nyuzi 500 na zaidi. Nozeli ikipuliza dizeli humo, inawaka yenyewe. Ndiyo kazi ya Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897. Kwa hiyo inataka vitu vitatu tu: izunguke kwa kasi, ipate joto, ipate dizeli isiyo na hewa. Maswali yote yanatoka hapo.

Swali la kwanza: inazunguka vizuri? Ikizunguka kwa uvivu, angalia betri, vichwa vyake kama vina kutu, waya wa bodi na stata yenyewe. Betri nzima iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6 hivi, ukipiga stata isishuke sana chini ya 10. Ya mjomba ilizunguka safi. Tukavuka.

Swali la pili: kuna moshi? Mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma aangalie ekzosi. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui; shuku plagi za hita au mgandamizo uliochoka. Joto la Dar linaficha hita mbovu. Mtu anaendesha mwaka mzima hajui, siku akilala Makete mwezi wa 7 ndiyo anaujua ukweli. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki. Sisi hatukuona moshi.

Swali la tatu, na ndilo lililotuokoa: inasumbua lini? Mjomba akasema ikishawaka asubuhi, mchana kutwa haina shida, hata ikizimwa saa nzima Kariakoo. Hapo nikashtuka. Pampu iliyolika kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, maana dizeli yenye joto ni nyepesi, inavujia ndani ya pampu. Hii yetu ilikuwa kinyume. Basi kuna kitu kinatokea usiku gari ikiwa imesimama: hewa inaingia, dizeli inarudi kwenye tangi.

Kupima ni bure. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ndogo ya mkono. Kesho yake, kabla ya kugusa ufunguo, nikaibonyeza mpaka ikawa ngumu. Mjomba akapiga stata, ikawaka papo hapo! Tukafuata njia ya dizeli kutoka tangini, tukakuta mpira umepasuka chini ya klipu. Haukudondosha hata tone, ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Upande ule dizeli inavutwa, haisukumwi, kwa hiyo ufa unaingiza hewa badala ya kutoa dizeli. Tukaenda Gerezani tukanunua mpira na klipu mbili, hela isiyofika nauli yangu ya wiki.

Tahadhari mbili. Usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Ipumzishe, la sivyo utaunguza stata na kumaliza betri. Na usikubali mtu apulize petroli kwenye njia ya hewa ili "kuishtua". Ikikutana na hita zilizowaka inaweza kulipuka na kuvunja injini.

Simcheki yule fundi. Pampu huwa zinakufa kweli. Kosa lake ni kutaja ugonjwa kabla ya kupima, na kosa hilo nimelifanya mimi. TP iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefeli kila jaribio langu. Kwenye daftari lake nikaandika, "Ongeza bidii." Sikumuuliza anakwama wapi, wala lini. Yawezekana shida yake ilikuwa ndogo kama ule mpira, nami nikamtajia pampu. Mwaka huu tukienda TP, kabla sijaandika neno kwenye daftari la mtoto, nitamwita nimuulize.