Mke wa “Mister” Si “Mistress”, Mdogo Wangu

Haya mdogo wangu, leo nakupa aibu yangu mwenyewe ili usiirudie. Miaka hiyo nilipata mgeni, dada mmoja kutoka Marekani. Mtu wa watu! Alikaa nasi jikoni, akamenya viazi, akacheka na watoto. Nikaona nimsifu kwa lugha yake: “You are so homely!” Moyoni nilitaka kusema amekuwa mtu wa nyumbani. Uso ukamshuka ghafla. Kumbe Mwingereza akilisikia neno hilo anaweza kupata joto la nyumbani, lakini kwa Mmarekani, mwanamke “homely” ni yule aliyenyimwa sura. Nimemkaribisha mtu chai, nikamtusi na mandazi yangu mkononi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Kwa hiyo usijione mjinga, tumeteleza wengi. Ila wewe uliyeandika kwenye kadi ya mwaliko “Meneja na mistress wake”, ukidhani huyo ndiye mke wa “mister”, koma leo leo! Zamani kweli lilikuwa neno la heshima: mama mwenye nyumba na mamlaka yake. “Mrs” na “Miss”, yote mawili yamekatwa humo. Siku hizi ukisema fulani ni “mistress” wa fulani, watu wanasikia hawara. Hebu fikiria mke wa meneja akiisoma ile kadi.

“Madam” nalo lina tabia hiyo. Ukimwita mtu usoni, umemheshimu. Ukisema huko nyuma kwamba yeye ni “a madam”, wapo watakaodhani anaendesha danguro. Neno ni lilelile, ila umelikalisha pabaya.

Na hili la “Miss” na “Mrs” linavyowatesa! Humjui mama wa watu, unambandikia ndoa asiyonayo, au unamvua aliyonayo. Andika “Ms”, litamke “miz”, ujipumzikie. Kuna gazeti la Marekani lililolipendekeza tangu 1901, neno lenyewe likapata nguvu miaka ya 1970 wanawake walipohoji kwa nini “Mr” haulizwi kama ameoa. Hata New York Times walilikataa mpaka 1986. Sisi wenye “Bi” letu hatukuhitaji ugomvi huo.

“Spinster” liache kabisa. Lilianza kwa mwanamke msokota nyuzi, likaishia kuwa kejeli ya aliyekosa mume. Uingereza wenyewe walilitoa kwenye vyeti vya ndoa mwaka 2005. Wewe unalifufulia nini?

Tena nisikusikie ukisema “that female” kumhusu mwenzako. “Female doctor” sawa, hapo linaeleza. Likisimama peke yake, ni kama umemwita jike.

Na mwili wa mtu, mdogo wangu, uogope. Kwetu shangazi akisema umenenepa, amekusifu: unakula, umetulia. Ukiigeuza kuwa “you are fat”, umechoma kidonda. Aliyepungua naye anaweza kufurahia “slim”, lakini “skinny” ni kumwambia amekonda kama ng'onda.

Nakugombeza kwa sababu nakupenda. Neno la kumweleza mwanamke ni kama nguo ya kuazima: kabla hujamvisha mtu, ulizia ilishavaliwa na nani. Ukikosa hakika, “woman” halijamdhuru mtu. Ukitaka kujua aitweje, muulize mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Yule mgeni wangu? Nilimweleza nilichokusudia, akacheka mpaka machozi. Hata leo akiniandikia, mwishoni huweka: “Wako, homely.” Nami kila nikisoma, aibu hunipanda upya. Lakini mwenzio nilibahatika kukosea kwa mwenye moyo mkubwa. Wewe usiutegemee moyo wa mke wa meneja.