Kasi ya Diski Isikugharimu Kazi ya Jana

Wadogo zangu, wiki hii nina swali la kijana anayetunza kompyuta ya mauzo kwenye duka la dawa. Kompyuta inatumia Linux, diski yake ni ya kuzunguka, na kila jioni wakati wa kufunga hesabu mashine inajikokota mpaka karani anakata tamaa. Rafiki yake amemwambia afungue faili la /etc/fstab, aongeze maneno manne kwenye mstari wa diski, kisha awashe upya: noatime, commit=60, data=writeback, barrier=0. Anauliza, "Dada, niyaweke?"

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kubonyeza. Katika hayo manne, moja liweke, moja tulipime kwanza, na mawili yaache kabisa. Ila sitaki ushike jibu tu. Nataka ujue sababu, ili kesho ukiletewa la tano uweze kuamua mwenyewe.

Ukibonyeza "hifadhi", data haiendi diskini moja kwa moja. Linux huipokea, huiweka kwenye RAM, huiambia programu "tayari", halafu huipeleka diskini baadaye kwa wakati wake. Jaribu: nakili faili kubwa, kisha fungua terminali uandike grep Dirty /proc/meminfo. Utaona idadi ya kilobaiti ambazo bado zinangoja kuandikwa. Sasa andika sync, subiri ikamilike, uangalie tena: namba itakuwa imeshuka karibu na sifuri. Kilichoshuka hapo ndicho ambacho umeme ungeondoka nacho. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kungoja sekunde 30 hivi kabla mfumo haujaona kwamba imekaa mno.

Umeme ukikatika katikati ya hayo, kuna hasara za aina mbili, na naomba uzitofautishe maisha yako yote. Ya kwanza ni kupoteza kipya: mauzo ya sekunde chache za mwisho hayapo, basi. Karani atachukua risiti zake na kuyaingiza upya. Ya pili ni kuharibika kwa kilichokuwapo: folda haifunguki, hifadhidata inakataa kuwaka, hesabu za mwezi uliopita zimejaa takataka. Hasara ya kwanza unaweza kuipimia na kuipangia. Ya pili haina kipimo. Kwa hiyo kila ukiambiwa "hii inaongeza kasi", uliza: inaongeza kasi kwa kuhatarisha nini, kazi mpya au kazi ya zamani?

Tuanze na noatime. Linux ina desturi ya kuandika saa ambayo faili lilisomwa mara ya mwisho, maana yake hata kusoma kunazaa kuandika. Tangu toleo la 2.6.30 la mwaka 2009 desturi hiyo ilipunguzwa: chaguo-msingi ni relatime, ambayo haisasishi saa hiyo kila mara; huisasisha faili likiwa limebadilishwa tangu liliposomwa, au siku nzima ikiwa imepita. Kwa hiyo usitegemee muujiza kutoka kwa noatime. Lakini programu chache sana ndizo zinazoihitaji saa hiyo, na huhatarishi data yoyote. Liweke.

La pili, commit=60. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux, una jonali. Ichukulie kama daftari la rafu la mwenye duka: anachotaka kubadilisha anakiandika humo kwanza, ndipo anagusa daftari kubwa, hivyo akikatishwa njiani anajua pa kuendelea. Jonali hiyo hufungwa kila sekunde 5. Ukiandika 60, unaruhusu dakika nzima ya mabadiliko iwe hewani. Hii ni hasara ya aina ya kwanza, kwa sababu mpangilio wa diski unabaki salama. Na programu inayotoa amri ya fsync, yaani inayosema "sisogei mpaka umeandika kweli", haiathiriki, kwa kuwa data yake huandikwa papo hapo. Kwa diski ya kupakulia video, 60 si neno. Kwa mauzo ya dawa, jaribu 15 upime. Usipoona tofauti, rudisha 5.

La tatu, data=writeback. Kwa kawaida ext4 hutumia ordered: huhakikisha data yenyewe imefika diskini kabla ya jonali kuthibitisha kwamba faili limekua. Writeback inaondoa utaratibu huo. Umeme ukikatika, faili linaweza kuonyesha urefu sahihi huku ndani yake kuna mabaki ya kitu kilichokuwa kwenye nafasi hiyo zamani, pengine faili la siri la mtu mwingine ulilokwisha kulifuta. Halafu kuna mtego mwingine: ext4 haikubali kubadilishiwa hali hii diski ikiwa tayari imeunganishwa. Ukiliandika neno hilo kwenye mstari wa diski kuu inayowasha mfumo, kompyuta inaweza kuwaka ikiwa ya kusoma tu, haiandiki chochote. Utaligundua asubuhi, wateja wakiwa wamekwisha jipanga dirishani. Liache.

La nne ndilo lililonifanya niandike leo: barrier=0. Diski nayo ina kumbukumbu yake ndogo, na hupenda kupanga upya kazi ili imalize haraka. Barrier ni amri inayoilazimisha ifuate mpangilio: kwanza yaliyomo kwenye jonali yaandikwe, kisha ndipo alama ya "nimemaliza". Ukiiondoa, alama inaweza kufika diskini kabla ya yaliyomo. Umeme ukirudi, Linux inasoma alama, inaamini jonali imekamilika, na kwa nia njema kabisa inanakili takataka juu ya data iliyokuwa nzima. Hii ndiyo hasara ya aina ya pili. Waliotengeneza XFS, mfumo mwingine wa faili wa Linux, waliliondoa kabisa chaguo hilo katika toleo la 4.19 la Linux, mwaka 2018, na nawaunga mkono.

Najua utaniambia duka lina UPS. Ni jambo jema, endelea nayo. Lakini UPS haikuokoi power supply ikiungua ndani ya boksi, wala mfagiaji akichomoa waya. Wanaoweza kuizima barrier kwa amani ni wenye vidhibiti vya RAID vyenye betri ya kulinda kumbukumbu yake. Na zile SSD za seva zenye kapasita za kumalizia kuandika umeme unapokatika hujibu haraka hata barrier ikiwa imewashwa, kwa hiyo kuizima hakuziongezei kasi ya maana.

Kwa wadogo zangu mnaoandika programu, kumbukeni yaliyotokea mwaka 2009, ext4 ilipoanza kuingia kwenye kompyuta za watu. Mashine ilikuwa ikizimika ghafla, na ikiwaka tena mafaili ya mipangilio yanakutwa yapo lakini yana baiti 0. Programu zilikuwa zinaandika faili jipya na kulibadilisha jina lichukue nafasi ya la zamani, bila fsync katikati. Jina jipya liliwahi kufika diskini, data ikabaki kwenye RAM. Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, aliongeza kinga inayotambua mtindo huo na kuiharakisha data. Hata hivyo njia ya uhakika ni ileile: andika faili la muda, toa fsync, ndipo ubadilishe jina. Usiiachie kernel ikukisie nia yako.

Sasa turudi kwa kijana wetu, kwa sababu nadhani tatizo lake haliko kwenye fstab. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na kila fsync kwa kawaida husubiri angalau mzunguko mmoja. Kama programu inafunga hesabu za jioni kwa kuingiza mistari 3,000, kila mstari ukiwa muamala wake, hizo ni sekunde 25 za kungoja tu, hata mambo yakienda vizuri. Iingize yote ndani ya muamala mmoja na kungoja kunabaki kwa mara moja. Hapo umepata kasi bila kuhatarisha hata herufi. Mwombe aliyetengeneza programu afanye hilo kabla hujagusa diski.

Ikiwa bado ni nzito na hifadhidata ni MySQL, kuna innodb_flush_log_at_trx_commit. Chaguo-msingi ni 1, kila muamala unashushwa diskini. Ukiweka 2, unashushwa takriban mara moja kwa sekunde, kwa hiyo umeme ukikatika unapoteza kama sekunde moja ya mauzo. Ni hasara ya aina ya kwanza. Mwenye duka aamue, maana hela ni zake. Kwenye PostgreSQL, synchronous_commit=off ni ya namna hiyohiyo. Lakini fsync=off inaweza kuiharibu hifadhidata nzima. Majina yanakaribiana, matokeo hayakaribiani.

Na ninyi wa Windows, nanyi mnahusika. Tangu Windows 10 toleo la 1809, flashi huwekwa kwenye hali ya kutolewa haraka, bila kulimbikiza data ya kuandika. Ukibadilisha kwenda hali ya utendaji bora, lazima uitoe kwa usalama kila mara. Flashi nyingi zinatumia FAT32 au exFAT, ambazo hazina jonali, kwa hiyo ukichomoa katikati ya kunakili hakuna pa kurejea.

Kijana wangu, fanya hivi kwa mpangilio. Leo, kabla ya chochote, chukua bakapu kwenye diski nyingine na ujaribu kuirejesha, kwa sababu jonali haikulindi diski ikifa wala mtu akifuta kwa mkono wake. Kesho weka noatime. Wiki hii zungumza na mtengenezaji wa programu kuhusu muamala mmoja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, pima muda wa kufunga hesabu kabla na baada, na uandike ulichobadilisha, ili anayekufuata asikisie. Rafiki yako alikupa mstari mmoja kwa nia nzuri. Mrudishie ukurasa huu, naye aipitie fstab ya kwake usiku huu.