Mbwa wetu amegeuka mkali ghafla

SWALI: Dokta, tuna mbwa dume wa miaka minne, tumemlea hapa Kamembe tangu mdogo. Mchana tunamfunga nyuma ya jiko, usiku tunamfungulia alinde kiwanja. Wiki mbili hizi anamngurumia kila anayepita karibu na chakula chake, na juzi alimparura binti yangu wa miaka saba mguuni kwa jino, damu ikatoka kidogo. Chanjo ya mbwa hatukumbuki. Mume wangu anataka auawe, jirani anasema apigwe mpaka aelewe. Tufanye nini? – Mama, Kamembe, Rwanda

JIBU: Mama, tuanze na mguu wa binti. Hata kama jeraha limeanza kukauka, lioshe leo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake majivu, pilipili wala dawa ya majani. Mweleze muuguzi waziwazi kwamba ni jino la mbwa asiyejulikana kama amechanjwa. Udogo wa jeraha usikudanganye: kichaa cha mbwa hupitia kwenye mate, na mchubuko uliotoa damu unatosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila wagonjwa kumi wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikianza mapema na tarehe zote zikafuatwa, mtoto anakuwa salama.

Mumeo namwomba asimuue mbwa sasa. Mbwa aliye hai ndiye atakayetupa jibu. Akifika siku ya kumi tangu alipong'ata akiwa mzima, anakula na kunywa kama kawaida, maana yake mate yake hayakuwa na kichaa siku ile, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Akiuawa kwa rungu la kichwa, hata ubongo ambao maabara ingeupima unaharibika. Lakini binti asingoje siku hizo kumi ndipo atibiwe. Mbwa afungiwe mahali imara, ahudumiwe na mtu mzima mmoja tu, na veterineri wa sekta apewe taarifa leo. Akianza kudondosha mate, sauti ikabadilika, taya likalegea, au akajificha gizani na kukataa maji, msimsogelee kabisa. Mpigieni veterineri mara moja.

Tuseme siku kumi zimepita salama. Mbwa wa miaka minne habadiliki ndani ya wiki mbili bila sababu, na sababu ya kwanza ya kutafuta ni maumivu. Veterineri amkague meno, masikio, viungo, na shingo pale mnyororo unapokaa. Mara nyingi chini yake kuna kidonda ambacho hakuna aliyekiona kwa sababu ya manyoya. Na huo mnyororo wenyewe ni tatizo. Mbwa akiogopa, kwa kawaida huondoka. Aliyefungwa hawezi kuondoka, kwa hiyo kinachombakia ni kunguruma, na asiposikilizwa, kung'ata. Mjengeeni kibanda chenye uzio, na mtu mzima amtembeze kwa kamba asubuhi na jioni.

Hapa ndipo sikubaliani kabisa na jirani. Kunguruma ni onyo, tena onyo la heri. Mbwa anayepigwa kila anapoonya hujifunza kunyamaza, na siku moja atang'ata bila kutoa sauti. Lakini huenda jirani anaongozwa na hofu, na hofu hiyo siidharau. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hapa nchini mwaka 1994, mbwa waliobaki bila wenyewe walikula miili ya watu, na wanajeshi wakalazimika kuwapiga risasi. Aliyeyaona hayo hawezi kumtazama mbwa kama binti yako anavyomtazama. Ila hofu hiyo, ikigeuka mawe na fimbo, inazalisha mbwa wakali zaidi mtaani.

Alishwe mara mbili kwa siku, peke yake, mahali watoto hawafiki. Wewe au mumeo mpite kwa mbali, pale ambapo bado hajanguruma, mmtupie kipande kitamu kuliko alichonacho, kisha mwendelee na safari yenu. Baada ya siku nyingi ataanza kuona kwamba anayekuja analeta, hanyang'anyi. Watoto wasihusishwe na zoezi hili. Wao wafundishwe kutomgusa anapokula au anapolala, na kutokimbia anapobweka.

Achanjwe dhidi ya kichaa, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mkitibu maumivu, mkaondoa mnyororo, na bado akamwendea mtoto kwa meno, basi nyumba yenye watoto wadogo si mahali pake. Zungumzeni na veterineri kuhusu kumhamisha, au kumlaza kwa sindano bila mateso. Uamuzi huo ufanyike baada ya siku kumi, mkiwa na majibu mkononi.