Joto na Baridi Chini ya Maporomoko ya Sanje

Kijana aliyekulia Makoko, kando ya Ziwa Viktoria mjini Musoma, hahitaji kufundishwa kwamba mtu atokapo majini jioni, upepo ukivuma, hutetemeka hata kama maji yenyewe hayakuwa baridi. Jambo lilo hilo humngoja msafiri apandaye kwa miguu hadi Maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Hapo maji huanguka jumla ya mita 170 katikati ya msitu unaotazama bonde la Kilombero.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za nishati ataleta hoja ya kinyume. Kila kilo ya maji ishukapo mita 170 hupoteza nishati ipatayo jouli 1,670. Maji hayo yakisha kugonga mwamba na kutulia dimbwini, nishati hiyo haina budi kugeuka joto. Kwa kuwa kilo moja ya maji huhitaji jouli zipatazo 4,190 ili joto lake lipande digrii 1 ya Sentigredi, maji ya chini yangepaswa kuyazidi ya juu kwa digrii 0.4. Hesabu hiyo haina kosa. William Thomson alisimulia kwamba mwaka 1847 alimkuta James Joule karibu na Chamonix, Ufaransa, akiwa na kipimajoto, amedhamiria kupima ongezeko hilo katika maporomoko. (Joule alikuwa katika fungate, bibi harusi alisemaje, hatukuambiwa.) Walipofika kwenye maporomoko waliona maji yametawanyika mno kuwa manyunyu, na kipimo hakikufaa.

Manyunyu ndiyo yaliyowashinda. Maji yakivunjika matone, eneo lake linaloguswa na hewa huongezeka sana, na sehemu yake hugeuka mvuke. Gramu moja ya maji igeukapo mvuke huchukua jouli zipatazo 2,400. Basi ikipotea gramu moja tu katika kila kilo, joto lote lililoletwa na anguko limekwisha kufutika, tena kwa ziada. Hali hii huendelea mpaka hewa ishibe unyevu.

Kwa apigaye kambi, hesabu hii si ya ubaoni tu. Shati lililonyonya gramu 200 za manyunyu huhitaji jouli 480,000 ili likauke. Mtu aliyepumzika hutoa jouli zipatazo 100 kwa sekunde. Likikaukia mwilini bila jua wala moto, shati hilo laweza kudai joto la mwili la dakika 80. Ndiyo maana nguo kavu huvaliwa kabla ya giza, na hema huwekwa mahali manyunyu yasipofika. Ukingo wa dimbwi nao uepukwe kwa sababu nyingine: mvua yaweza kunyesha juu mlimani, mbali na macho ya walio chini, na mto ukafurika ghafla chini ya anga jeupe.

Walio Makoko waweza kuanza kwa vipimajoto viwili ufukoni, kimoja kikavu, cha pili kikiwa kimefungwa pamba yenye maji kwenye tunguu lake. Upepo wa ziwa ukivuma, cha pili kitashuka, kisha kitasimama. Palipo na hewa kama hiyo, hapo kiliposimama ndipo ubaridi wa manyunyu ungekomea.